Koilova: maana yake, na cha kuangalia kabla hujanunua

Kwa wengi wenye Subaru Impreza WRX, koilova ni kifaa cha kushusha gari. Linakaa chini, rimu zinajaa, picha inapendeza. Kushusha kumo kweli, lakini mwenye kulitaka gari lishike kona anapaswa kulipia vitu vingine kabisa.

Koilova ni shokapu iliyozungukwa na springi yake, vyote vikifungwa garini kama kipande kimoja. Hata mguu wa mbele wa Impreza ya kiwandani uko hivyo. Tofauti ni kwamba mwili wa koilova umechongwa nyuzi, na springi imekalia nati kubwa inayopanda na kushuka kwenye nyuzi hizo. Ukiipandisha nati gari linainuka, ukiishusha linashuka. Koilova nyingi pia zina kitufe cha kuzungusha, cha kukaza au kulegeza shokapu.

Anza na springi, kwa sababu ugumu wake umeandikwa na unaweza kuupigia hesabu. Springi ya kilo 4 kwa milimita hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 4 za mzigo. Ibebeshe kilo 320, itabonyea milimita 80. Springi ya 8, kwa mzigo uleule, itabonyea 40. Usichukue namba za gari la mwenzako ukazipeleka kwenye lako. Mguu wa mbele wa Impreza uko karibu sana na tairi, kwa hiyo springi husogea karibu sawa na tairi. Mbele, Mazda MX-5 ina mikono miwili kila upande, yaani vyuma vinavyoliunganisha tairi na chesi, mmoja juu na mmoja chini, na shokapu imeshika mkono wa chini mbali kidogo na tairi. Tuseme tairi linapanda milimita 10 na springi inabonyea 7 tu: ugumu unaofika kwenye tairi ni 0.7 mara 0.7 ya ulioandikwa, yaani kama nusu. Springi ya 8 inayoonekana kali mno kwenye karatasi inaweza kuwa ya kawaida kabisa kwenye gari la namna hiyo.

Shokapu ndiyo inayoituliza springi. Springi ikibonyezwa hurudi, ikapitiliza, ikarudi tena. Bila shokapu inayoiweza, gari linadunda na tairi linaachia lami. Ndiyo maana napinga kabisa kukata springi kwa grinda. Iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi huku shokapu ikibaki ileile, na tairi likining'inia inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Gari la mbio halistahili kufanyiwa hivyo, wala abiria wake.

Sasa kushusha. Impreza ikiwa kwenye kimo chake, mkono wa chini umelala karibu sambamba na ardhi. Ukishusha sana, ncha ya upande wa tairi inapanda juu kuliko ya upande wa chesi. Ile pointi ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona nayo inashuka, tena inashuka zaidi kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka. Nafasi kati ya pointi hiyo na kitovu cha uzito ndiyo wenzo unaolaza bodi, na umeurefusha kwa mkono wako. Gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa, springi zikiwa zilezile! Juu ya hapo, shokapu imebakiwa na nafasi ndogo ya kubonyea: kila tuta, inagonga raba inayoizuia mwisho wa mwendo wake. Kwa barabara zetu, mimi nisingezidi milimita 20 hadi 30. Ukiweza, tafuta koilova ambayo kimo chake hurekebishwa kwa kikombe cha chini, yaani kile mwili wa koilova unachoingia ndani yake kwa nyuzi, si kwa nati ya springi peke yake. Hiyo inashusha gari bila kula nafasi ya shokapu.

Kitufe nacho kinatumiwa vibaya. Kikiwa kimoja, kwa kawaida kazi yake kubwa ni kudhibiti springi inavyorudi. Ukikikaza mpaka mwisho, kwenye barabara ya mawimbi tairi halipati muda wa kurudi kabla ya wimbi linalofuata, na gari linazidi kujikunja chini. Anzia katikati, kisha kaza hatua chache tu kila mara.

Kabla ya yote hayo, kagua bushi (raba za kwenye maungio ya mikono), bol jointi (viungo vya duara vinavyoruhusu tairi kugeuka) na tairi. Bushi zilizochoka zitaifanya koilova ya bei yoyote ionekane mbovu. Kama shida yako ni WRX kutotaka kuingia kona, stabilaiza nene ya nyuma, yaani chuma kinachounganisha pande mbili ili bodi isilale sana, ni nafuu zaidi na huenda ikakutosha. Anayeishi Mombasa au Dar aoshe nyuzi na kuzipaka grisi mara kwa mara, maana chumvi ya pwani huzing'ang'aniza nati zisizunguke tena.

Siku ya kufunga, mwambie fundi asikaze kabisa bolti za bushi gari likiwa juu ya jeki. Akizikaza tairi zikining'inia, raba inabaki imejisokota gari likishuka, na itachanika mapema. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake, ndipo liende alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa mkao wa tairi.