Pampu ya mafuta, ya umeme au ya kamshafti, kwenye Land Rover ya zamani: maneno ya gereji na ukweli wake

Nina Land Rover Series III, 109 pikapu (109 ni inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), injini ya petroli lita 2.25, na kila nikiifungua boneti mbele za watu lazima atokee mtu aniambie "mzee toa hiyo pampu ya babu weka ya umeme utulie". Pampu ya babu ndo hiyo ya kamshafti, inaendeshwa na kamshafti, ile shafti ya ndani ya injini inayofungua vali. Nilisikia hayo maneno mpaka siku moja nikakubali, na yaliyonikuta ntayasema hapo chini.

Kwanza hilo la "ya umeme ndo ya kisasa" lifutwe kabisa. Land Rover za mwanzo za 1948 zilitoka kiwandani na pampu ya umeme ya kampuni ya SU, ile ya kamshafti ikaja baadae, kama kwenye injini ya 2.25, na 109 za silinda sita zikatoka tena na ya umeme. Kwahiyo wenyewe waliotengeneza walikua wanachagua kulingana na injini, sio ipi mpya ipi ya kale.

Alafu kuna hili, "pampu kubwa inaongeza nguvu". Jamani kabureta haipuliziwi mafuta kwa nguvu, kabureta ina kibakuli chake, floti (boya la ndani) ikipanda nido, yaani kisindano, inafunga mlango, ikishuka inafungua, injini inanyonya inachotaka basi. Injini hii ina nguvu za farasi kama 70 na kitu, hata ukikanyaga mpaka sakafuni hainywi zaidi ya kama lita 25 kwa saa, na pampu ya kawaida tu inatoa zaidi ya hapo bila jasho. Cha muhimu ni presha, kabureta kama Zenith inataka psi (kipimo cha presha) 2 mpaka 3 hivi. Sasa mimi fundi mmoja alinifungia pampu ya kuchomoa kwenye gari ya injection, zile zinazopuliziwa mafuta bila kabureta, tena kwa nia nzuri kabisa, "hii mzee ni mpya mpya". Pampu nyingi za injection zinasukuma psi 40 na kuendelea. Nido ya kabureta itazuia nini hapo? Tulipowasha haikupita hata dakika petroli ikaanza kufurika juu ya kabureta ikidondokea huko chini kwenye manifoldi ya ekzosi, na bahati yangu injini ilikua bado ya baridi, nikazima swichi nikakaa pembeni kama dakika kumi nzima bila kuongea na mtu. Ukienda dukani usiulize "pampu ya umeme ya Land Rover", uliza ya kabureta, presha ndogo, na uione imeandikwa.

Kwenye joto hapo ndo pana mzozo wa kweli. "Weka ya umeme hutazimikiwa tena mlimani." Kuna ukweli ndani yake, nusu. Ukipanda mlima Kitonga kule Iringa mchana nyuma ya malori, gia ya pili, upepo hakuna, petroli inachemka ndani ya bomba inakua mvuke, na pampu ya kamshafti ikinyonya mvuke haina inachokishika, gari inakata. Kunyonya kwenyewe kunapunguza presha ndani ya mpira wa mafuta kwahiyo mafuta yanachemka mapema zaidi, na ukiwa juu kwenye miinuko ndo kabisa maana hewa yenyewe nyepesi. Pampu ya umeme ikikaa karibu na tangi, chini, mbali na moto, inasukuma badala ya kunyonya, njia yote inabaki na presha, mafuta yanachelewa kuchemka. Ila ukiifunga hapo hapo kwenye boneti karibu na injini (na wengi ndo wanafunga hapo kwa sababu waya ni fupi) hujafanya kitu, umehamisha tatizo kutoka kwenye chuma kimoja kwenda kingine. Na kabla ya yote angalia mpira wa mafuta umepita wapi, wangu ulikua unakaribia kuibusu ekzosi, nikausogeza nikaufunika, nusu ya shida ikaisha bila kununua chochote. Kile kitambaa kibichi wazee wanachofunika juu ya pampu nacho sio ushirikina, kinapoza kweli, tatizo kinakauka.

"Pampu imekufa" nayo inasemwa haraka mno. Mpira wenye ufa upande wa kunyonya hauvuji mafuta nje, unaingiza hewa ndani, kwahiyo unaona pakavu pasafi unailaumu pampu. Au gasketi ya kile kikombe cha kioo cha uchafu imekauka. Au kifuniko cha tangi kimeziba kijitundu chake, gari inaenda kilomita kadhaa inakufa, ukifungua kifuniko unasikia fyuuu, ukiwasha inawaka kama hakuna kilichotokea. Nikisikia hiyo fyuuu siulizi tena habari ya pampu.

Hatari zaidi ni hii ya "acha ya zamani palepale, ongeza ya umeme isaidiane nayo". Diaframu ya pampu ya kamshafti (ile ngozi ya ndani inayosukuma mafuta) ikitoboka, ya umeme itaendelea kuisukumia petroli, na petroli hiyo inapita kwenye tundu inaingia moja kwa moja kwenye oili. Toa stiki ya oili unuse, ikinuka petroli na oili imepanda juu ya alama basi usiwashe hiyo injini. Ukihamia umeme itoe ile ya zamani, weka bati na gasketi pale ilipotoka.

Waya nazo watu wanazidharau. Gari ikipinduka injini inazima, pampu ya kamshafti nayo inasimama hapohapo, ila ya umeme kama umeiunga kwenye swichi tu itaendelea kumwaga petroli huku umening'inia kwenye mkanda. Inataka fyuzi, rilei, na swichi inayokata presha ya oili ikishuka au gari ikigongwa. Na Land Rover nyingi za kabla ya 1967 chanya ndo imefungwa kwenye bodi, pampu za saivi zenye elektroniki ndani ukizifunga kinyume zinakufa siku hiyohiyo.

Kama umebadilisha injini na mpya haina pa kufunga pampu, au gari inalala miezi, weka ya umeme wala sikuzuii. Mimi nimerudi kwenye ya kamshafti, ya chapa ya AC, nimeifungua mwenyewe nikabadilisha diaframu na vali kwa seti ya vipuri ya dukani, kazi ya jioni moja. Ikilala wiki mbili najazia kabureta kwa kile kiwenzo cha mkono kilicho kwenye pampu. Ukikikuta kimelegea hakisukumi kitu usikimbilie kuagiza pampu nyingine, kamshafti imesimama pabaya tu, zungusha injini kidogo alafu jaribu tena.