Viini vinane si kasi mara nane
Miongoni mwa vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Moshi imeenea imani kwamba prosesa yenye viini vinane (sehemu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) hukompaili programu, yaani huigeuza kutoka msimbo kuwa lugha ya mashine, kwa kasi mara nane, ilimradi make, amri inayoendesha kazi hiyo, ipewe -j8, yaani ifanye kazi nane kwa pamoja. Sivyo. Mafaili ya msimbo yasiyotegemeana hukompailiwa kwa pamoja, lakini hatua ya mwisho ya kuyaunganisha kuwa programu moja kwa kawaida husubiri yote yakamilike, kama vile wachumaji kahawa wa Kibosho, hata wakiwa wengi, wanavyopanga foleni penye mashine moja ya kumenya. Hoja aliyoitoa mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl mwaka 1967 ndiyo msingi wa hesabu ya kasi hiyo: ikiwa asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, viini vinane vitaongeza kasi takriban mara 4.7, na hata viini elfu moja havitafikisha mara 10.

Linaloniumiza zaidi ni kuona mtu akiandika -j bila namba, kwani hapo make haina kikomo, kazi nyingi huanzishwa kwa mpigo, kumbukumbu (RAM) hujaa, na kompyuta hulazimika kuhamishia data kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno. Kwenye Linux, anza na namba inayotolewa na amri ya nproc, yaani idadi ya vitengo vya kuchakata vinavyopatikana. Kumbukumbu ikiwa ndogo, punguza namba hiyo.