Mgawo wa maziwa: ni nini, na kwa nini Ulaya iliuondoa

Mgawo wa maziwa ni kiasi cha juu cha maziwa ambacho mfugaji anaruhusiwa kuuza kwa mwaka bila kutozwa adhabu. Akivuka kiasi hicho hanyang'anywi ng'ombe wala hafungiwi zizi. Anakatwa tozo kwa kila kilo iliyozidi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya, ambayo baadaye ikawa Umoja wa Ulaya, zilianza kuutumia mwaka 1984, na Umoja huo ukaufuta tarehe 31 Machi 2015.

Ulitokana na sera nyingine. Tangu 1968 Jumuiya ilikuwa na bei ya kulinda soko la maziwa: bei ikishuka mno, fedha za umma zinanunua siagi na maziwa ya unga na kuvihifadhi ghalani. Maziwa mabichi hayakai, na ng'ombe hakamuliwi kwa kufuata bei ya siku, kwa hiyo ziada yote iliishia kwenye bidhaa hizo mbili. Mfugaji aliyejua kwamba mnunuzi wa mwisho yupo daima hakuwa na sababu ya kupunguza. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wazungu wenyewe walikuwa wakizungumzia "milima ya siagi", na gharama ya kuitunza ilikuwa inaimeza bajeti ya kilimo. Badala ya kuishusha bei, jambo ambalo wanasiasa waliliogopa, waliamua kubana wingi.

Kila nchi ilipewa kiasi chake, nayo ikawagawia wafugaji. Mwaka wa mgawo ulianza 1 Aprili na kuisha 31 Machi. Katika miaka ya mwisho tozo ilikuwa senti 27.83 za yuro kwa kilo, karibu sawa na bei yenyewe ya maziwa shambani katika miaka mibaya. Maana yake, kilo iliyozidi ilikuwa kama imetolewa bure, na chakula cha ng'ombe kimeshaliwa.

Ugumu ulijificha kwenye vipengele vidogo. Tozo ililipwa tu endapo nchi nzima imevuka mgawo wake, hivyo mfugaji hakuweza kujua mwezi Machi kama ziada yake itamgharimu. Ilitegemea majirani wamekamua kiasi gani. Tena kilo hazikuhesabiwa kilo tupu. Kila shamba lilikuwa na kiwango chake cha mafuta kilichoandikwa, na maziwa yenye mafuta zaidi ya hapo yalikula mgawo haraka zaidi. Mtu aliyeboresha malisho yake akapata maziwa mazito aliweza kuvuka mgawo wake bila kuongeza hata kilo moja. Palikuwa na mgawo wa kupeleka kiwandani na mwingine wa kuwauzia wanywaji moja kwa moja. Uingereza iliruhusu mgawo kununuliwa na kukodishwa kama mali. Ufaransa iliufunga kwenye ardhi, hauhami bila shamba lenyewe. Kijana aliyetaka kuanza ufugaji katika nchi ambako mgawo uliuzwa alilazimika kununua haki ya kuuza maziwa kabla hajapata chochote kutoka kwa ng'ombe wake.

Ndiyo maana hoja ya kurahisisha kanuni hizi ilikuwa na nguvu. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliunganisha kanuni za masoko 21 ya mazao, maziwa yakiwemo, kuwa kanuni moja. Tangu 2009 mgawo ukaongezwa kwa asilimia 1 kila mwaka kwa miaka mitano, ili siku ya kufutwa isije kwa kishindo. Ireland, yenye nyasi nyingi na ng'ombe waliokuwa wamebanwa kwa miaka 30, ilijiandaa kwa hamu na ikaongeza uzalishaji sana.

Lakini kishindo kilikuja. Agosti 2014 Urusi ilizuia jibini na vyakula vingine kutoka Ulaya, na bei ya maziwa ikaporomoka wakati uleule wafugaji walipokuwa wanaongeza ng'ombe. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulitenga yuro milioni 150 kumlipa senti 14 kwa kilo mfugaji atakayekubali kupunguza. Tazama mgeuko huo: mwaka mmoja tu nyuma aliyezidisha alitozwa, sasa anayepunguza analipwa, na maghala ya umma yamejaa tena zaidi ya tani 350,000 za maziwa ya unga. Uholanzi nako mifugo iliongezeka hadi samadi ikavuka kikomo cha fosfati (chumvi ya fosforasi iliyomo kwenye samadi), na mwaka 2018 nchi hiyo ikaweka mgawo mpya, safari hii wa fosfati badala ya maziwa.

Sidhani kwamba ilikuwa kosa kuufuta mgawo. Ulimzuia mfugaji hodari asikue na kumpa kazi ya makaratasi isiyoongeza tone. Ila kanuni ikifutwa, hatari iliyokuwa ikibebwa nayo haipotei, na anayefuta anapaswa kusema mapema nani ataibeba. Kwa sehemu walisema. Kanuni za mwaka 2012 ziliziruhusu nchi kulazimisha mikataba ya maandishi kati ya mfugaji na kiwanda, na vikundi vya wafugaji vikaruhusiwa kujadiliana bei kwa pamoja, mradi maziwa yao yasizidi asilimia 3.5 ya uzalishaji wote wa Umoja na asilimia 33 ya nchi husika.

Kwa mfugaji, basi, karatasi ya kusoma kwa makini sasa ni mkataba: unataja kiasi gani, bei inakokotolewaje, unadumu miaka mingapi, na kiwanda kitafanya nini na maziwa yatakayozidi. Ufaransa mikataba mingi huweka kiasi cha mwaka, na vipo viwanda vinavyolipa bei ya chini kwa kinachopita hapo. Kikomo kipo bado, isipokuwa sasa anayekiweka ni mnunuzi.