Kilimo cha usahihi hakimaanishi wengine wanakosea

Nimelisikia tena wiki iliyopita, kwenye semina ya wakulima. Mtaalamu anarusha droni juu ya shamba la mahindi, dawa inashuka sawasawa toka mpaka hadi mpaka, kisha anatutangazia kwamba tumeingia rasmi kwenye "kilimo sahihi". Mzee aliyekaa nyuma yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo miaka yote hii mimi nalima kimakosa?" Tukacheka, lakini mzee alikuwa ameshika penyewe.

Maana ya jina hilo, ambalo kwa Kiingereza ni "precision agriculture", ni fupi. Shamba moja halilingani kila mahali, basi mbegu, mbolea, maji na dawa visigawiwe sawa. Kila sehemu ipewe kinachoitosha, kwa wakati wake, kwa kupima na si kwa kubahatisha. Basi.

Taabu iko kwenye neno. Sahihi limetoka Kiarabu, na ni ndugu wa damu wa siha, ile ile ya "siha njema". Asili yake ni uzima: kitu kisicho na ugonjwa wala kasoro. Ndiyo maana hadithi sahihi ya Mtume ni ile ambayo mapokezi yake hayana dosari, jibu sahihi halina kosa, na ukitia sahihi kwenye mkataba unakiri kuwa umeridhia yaliyomo. Kinyume chake ni ubovu, udhaifu au kosa. Kupima hakumo kabisa. Ukisema "kilimo sahihi" umeshamhukumu jirani kabla hujamwonyesha chochote. Waingereza wao walilipata neno lao, "precision", kutoka Kilatini, kwenye kitenzi cha kukata: kitu kilichokatwa pale kinapotakiwa, pasipo ziada. (Sisi nasi tuna "kwa mkato", ila tuliliacha likafanye kazi ya kufupisha maneno.)

Wako wanaosema "kilimo makini". Afadhali, lakini makini ni sifa ya mtu: dereva makini, mwanafunzi makini. Mkulima anaweza kuwa makini kupindukia na bado akaweka urea ile ile kwenye kila shina, penye rutuba na pasipo na rutuba.

Mimi husema kilimo cha vipimo, nami najua halijakamilika. Chukua kizibo cha soda. Ukipanda mahindi kwa sentimita 75 kwa 60, ekari moja ina mashimo 9,000 hivi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ukigawanywa humo, kila shimo linapata gramu 5 na nusu, karibu kizibo kimoja. Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, wamefundisha njia ya namna hiyo Niger na nchi jirani za Sahel, kwenye mtama na uwele, na inafaa sana. Hicho ni kipimo. Lakini kizibo kile kile kila shimo ni nusu ya dhana tu. Nusu ya pili inaanza pale mama anapofika kwenye chichuguu kilichosawazishwa, akijua udongo wake umenona, akapunguza; na akifika mteremkoni ambako mvua imekomba udongo wa juu, akaongeza.

Hapo ndipo penye kichekesho. Jina lile la Kiingereza lilishika kasi Marekani na Ulaya miaka ya 1990, mashine za kuvuna zilipofungwa vifaa vya kupima mavuno papo hapo pamoja na vipokezi vya satelaiti. Mashamba yalikuwa yamekuwa makubwa kiasi kwamba mwenye nalo hawezi kulijua kwa miguu. Teknolojia ilikuja kumrudishia alichokipoteza, na mwenye ekari mbili Njombe bado anacho.

Sisemi mkulima mdogo hahitaji kifaa. Anajua wapi mahindi yanadumaa. Mara nyingi hajui kwa nini. Majani ya njano yanaweza kuwa njaa ya naitrojeni, maji yaliyotuama, au udongo wenye tindikali unaodai chokaa, na jicho halitofautishi vizuri. Kwenye skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi, Iringa, wakulima walipewa Chameleon, yaani kinyonga: vihisi vinafukiwa kwenye kina tofauti, na taa inawaka bluu udongo ukiwa umeloa, kijani ukiwa na unyevu wa wastani, nyekundu ukikauka. Juu kumekauka, chini bado bluu. Watu wakaacha kukimbilia mfereji kila zamu, kwa sababu maji yakizidi huzamisha mbolea chini ya mizizi. Kifaa hicho hakiruki angani wala hakivutii kupigwa picha, lakini kinajibu swali la dhana hii: hapa, leo, kiasi gani?

Kwa hiyo, ndugu mtaalamu, sina ugomvi na droni yako. Inamwondolea kibarua bomba mgongoni na dawa puani, na hilo si dogo. Ila ikimwaga kiasi kimoja shamba zima, iite kupulizia dawa kwa droni. Ni jina zuri na halimtukani mtu. Siku itakapotangulia na kamera, ikaonyesha palipopauka, tukashuka kukagua sababu, kisha ikapulizia hapo tu na kuruka pengine, hilo jina la vipimo lichukue. Na kabla ya kuirusha kwa yule mzee, muulize kwanza samadi yake huwa anaiweka wapi.