Katoka ICU salama, mbona usiku anashtuka?

Swali tunaloulizwa sana sisi wanasaikolojia wa hospitali ni hili, mtu kapona, mipira imetolewa, karudi nyumbani na anakula vizuri tu, sasa mbona usiku anashtuka anatapatapa, na siku ya kliniki ikikaribia haishi visingizio vya kutokwenda? Wengine wanadhani anadeka. Hadeki. Kati ya watu 5 wanaotoka ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, takriban mmoja anabaki na dalili za kiwewe, jeraha la akilini linaloachwa na tukio la kutisha.

ICU si wodi ya kawaida. Mtu yuko kwenye mashine ya kupumulia, ana mpira kooni kwa hiyo hawezi kuongea, mikono pengine imefungwa asije akauchomoa, anapewa dawa za usingizi, mashine zinalia mchana na usiku mpaka hajui saa ngapi. Hapo akili inachanganyikiwa, kitaalamu tunaita deliriamu, na walio kwenye mashine inawapata wengi sana. Nesi anayebadilisha dripu anamwona kama anamtilia sumu, akigeuzwa kitandani anahisi anatupwa shimoni, akiwekewa mpira wa mkojo anahisi anadhalilishwa. Miezi inapita, yaliyotokea kweli kayasahau karibu yote, ila hizo njozi anazo kama za jana.

Na hapa ndo ndugu wanapokosea, kwa nia njema kabisa. Unamwambia "aah, ulikuwa unaweweseka tu, nani alitaka kukuua?" unaona umemtuliza kumbe umemfunga mdomo, hasemi tena. Tukio halikutokea lakini hofu ilitokea. Ndo maana kwenye tiba hatuanzi kubishana kipi kweli kipi si kweli, tunashughulika na kumbukumbu yenyewe jinsi ilivyokaa.

Tiba ziko mbili zenye ushahidi mzuri, na Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa watu wenye kiwewe tangu 2013. Moja ni tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, mgonjwa anasimulia kile kisa kidogo kidogo mpaka kinapungua makali, kisha anavirudia vile alivyokuwa anavikwepa, harufu ya spiriti, mlio wa mashine, hata kupita tu nje ya wodi. Nyingine inaitwa EMDR, aliianzisha Francine Shapiro mwaka 1987, unaishika ile kumbukumbu kichwani huku macho yanafuata mkono wa mtaalamu kushoto kulia. Najua inachekesha ukiisikia mara ya kwanza, ila inasaidia. Hazichukui miaka, mara nyingi ni vikao 8 hadi 12 hivi, na mtu akiwa bado dhaifu tunafupisha kikao apumzike.

Kuna jambo watu hawalitegemei. Aliyewahi kukosa pumzi kule ICU, siku akipanda ngazi akahema kidogo tu, mwili unapiga kengele kwamba tunakufa tena. Inaweza kuwa hofu, inaweza kuwa mapafu kweli, kwa hiyo sisi na daktari wake lazima tuongee, msikubali mtu akaambiwa ni mawazo tu kabla hajapimwa. Vidonge vya usingizi vya jirani navyo acheni, vile vya jamii ya diazepamu haviponyi kiwewe na mtu anaweza kuvizoea.

Sehemu nyingine, kuanzia nchi za Skandinavia, manesi na ndugu humwandikia mgonjwa daftari akiwa bado hajitambui, leo umefungua macho, leo mwanao kakuimbia. Akilisoma baadaye, akiwa tayari mwenyewe, anapata pa kupachika zile njozi. Hata kama mgonjwa wenu keshatoka, mnaweza kukaa naye mkamwandikia mnachokumbuka.

Wiki za mwanzo kushtuka ni kawaida, wengi hutulia wenyewe. Ukipita mwezi bado, au hasogelei hospitali hata dawa zikiisha, mleteni. Akisema bora angekufa kulekule msisubiri mwezi, siku hiyohiyo. Na wewe uliyekuwa unalala kwenye benchi nje ya ICU ukisubiri jina liitwe, kama simu ikilia usiku bado moyo unaruka, mlango ni huohuo, ingia.