Izieu, 1944: hifadhi ya watoto iliyogeuka mtego

Watoto wa Kiyahudi waliowakimbia Wanazi hawakuwa na bahati moja. Wapatao 10,000 walipokelewa Uingereza kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939, wakavuka bahari, na wengi wao wakanusurika. Wenzao waliopelekwa Ubelgiji, Uholanzi na Ufaransa walikutwa huko huko na majeshi ya Ujerumani mwaka 1940. Mpaka waliokwisha kuuvuka ukawafuata.

Izieu ni kijiji cha milimani, mashariki ya Lyon nchini Ufaransa. Huko, mwaka 1943, Sabine Zlatin na mumewe Miron walifungua makao ya watoto. Sabine alikuwa muuguzi aliyefukuzwa kazi kwa sababu tu ni Myahudi, na kabla ya hapo alikuwa akiwatoa watoto katika kambi walimofungiwa pamoja na wazazi wao. Nyumba haikuwa na maji ya bomba. Watoto walinawa kwenye chemchemi uani. Lakini palikuwa na chakula, na kuanzia Oktoba 1943 darasa lenye mwalimu aliyeajiriwa na serikali.

Hapa ndipo watu wengi hukosea: watoto hawa hawakuwa wamefichwa. Makao yalijulikana kwa viongozi wa wilaya, na wanakijiji waliwaona kila siku. Usalama wao ulitegemea jambo moja, kwamba eneo lile lilikuwa chini ya jeshi la Italia, ambalo halikuwa likiwakabidhi Wayahudi kwa Wajerumani. Septemba 1943 Italia ikasalimu amri, Wajerumani wakaingia. Watoto hawakuhama hata hatua moja, ila sasa walikuwa mikononi mwa wauaji.

Mashirika ya Kiyahudi yaliuona upesi ubaya wa kuwakusanya watoto mahali pamoja. Yakaanza kuwatawanya kwa majina ya bandia katika familia za Kikristo, mashamba na shule za watawa, na wengi wa waliotawanywa hivyo walipona. Sabine naye alikuwa katika mji wa Montpellier akiwatafutia watoto wa Izieu pa kwenda pale uvamizi ulipotokea.

Ilikuwa Alhamisi Kuu, tarehe 6 Aprili 1944, asubuhi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka, ndiyo maana hata wakubwa waliosoma bweni walikuwa wamerudi. Gestapo wa Lyon, yaani polisi wa siri wa Wanazi, chini ya Klaus Barbie, wakawapakia kwenye malori watoto 44 na watu wazima 7 waliowalea. Mtu mzima mwingine, wa nane, aliruka dirishani akaokoka. Jioni ile ile Barbie alituma teleksi (ujumbe wa maandishi kwa njia ya waya) Paris kuarifu kwamba makao yamefungwa, akaongeza kuwa fedha au mali ya thamani haikupatikana. Aliandika hayo juu ya nyumba ya watoto.

Walipitishwa kambi ya Drancy, karibu na Paris. Watoto 42 waliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland. Vijana wawili wakubwa walipigwa risasi Estonia pamoja na Miron Zlatin. Mlezi mmoja, Léa Feldblum, alikuwa na karatasi za bandia ambazo pengine zingemwokoa, lakini huko Drancy alitaja jina lake halisi ili asitenganishwe na watoto. Alikwenda nao hadi Auschwitz, ambako walinyang'anywa mikononi mwake. Katika wote waliopelekwa, ni yeye peke yake aliyerudi.

Barbie alijificha Bolivia kwa miaka mingi, hadi Serge na Beate Klarsfeld, mume na mke waliowasaka Wanazi waliojificha, walipomgundua. Alirudishwa Ufaransa mwaka 1983, na teleksi yake mwenyewe ikawa ushahidi mzito dhidi yake. Sabine Zlatin na Léa Feldblum walisimama mahakamani Lyon wakaeleza waliyoyapitia. Tarehe 4 Julai 1987 Barbie alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na watoto wa Izieu walikuwa miongoni mwa mashtaka hayo.