Je, wajua kwa nini polisi wa kabila nchini Marekani walishindwa kumkamata mume aliyempiga mkewe?

Mwaka 2012, jijini Washington, mwanamke mmoja wa Southern Ute kutoka Colorado, moja ya makabila ya Wenyeji wa Asili waliokuwapo Marekani kabla ya wazungu, alisimulia ndoa yake hadharani. Aliolewa na mzungu, na mume akahamia kwake, ndani ya ardhi ya kabila. Kipigo kilianza siku chache tu baada ya harusi. Akiita polisi wa kabila, jibu lilikuwa kwamba mume si Mwenyeji wa Asili, hivyo hawana mamlaka naye. Akiita polisi wa kaunti, nao walisema mke ni wa kabila na nyumba iko kwenye ardhi ya kabila, kwa hiyo si kazi yao. Siku moja, baada ya kumpiga, mume alimpigia simu sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, yeye mwenyewe, mke aone kwa macho yake kwamba hakuna wa kumgusa.

Ikafika siku akamfuata kazini na bastola. Mfanyakazi mwenzake mama huyo akapigwa risasi ya bega. Wapelelezi walipofika walitoa futi kamba, wakaanza kupima: risasi ilitokea wapi, na majeruhi alikuwa amesimama wapi? Bila vipimo hivyo hakuna aliyejua kesi ni ya nani. Na mume alipofikishwa mahakamani alihesabiwa kuwa mkosaji wa mara ya kwanza, kwa sababu vile vipigo vyote vya nyuma havikuwahi kufunguliwa kesi.

Mtu unaposikia hivi unadhani ni uzembe wa askari. Kumbe askari walikuwa wanafuata sheria.

Marekani ina makabila zaidi ya 570 yanayotambuliwa na serikali kuu, na mengi yana ardhi, polisi na mahakama zake. Ila tangu sheria ya mwaka 1887 iliyokatakata ardhi hizo kuwa viwanja vya mtu mmoja mmoja, vipande vingi viliangukia mikononi mwa wazungu. Ndiyo maana leo unaweza kukuta kiwanja cha kabila, cha pili yake cha mzungu, cha tatu cha serikali, na futi kamba ikawa na kazi ya kufanya. Ndiyo maana pia majirani wengi, na wachumba wengi, si watu wa kabila.

Kikwazo chenyewe kilianzia kwenye sherehe. Agosti 1973 watu wa kabila la Suquamish, jimbo la Washington, walikuwa na sikukuu yao ya kila mwaka. Mkazi mmoja asiye wa kabila, Mark Oliphant, alikamatwa na polisi wa kabila akidaiwa kumshambulia askari na kukataa kukamatwa. Alikata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 6 Machi 1978, kwa kura 6 dhidi ya 2, majaji waliamua kwamba mahakama za makabila hazina uwezo wa kumhukumu kwa jinai mtu asiye Mwenyeji wa Asili, mpaka Bunge liwape uwezo huo. Jaji Rehnquist, aliyeandika hukumu, alitaja kwamba eneo lile lilikuwa na watu wa kabila 50 hivi, na wasio wa kabila karibu 2,900.

Katika ugomvi ule hapakuwa na mke aliyepigwa. Lakini waliobeba mzigo wa hukumu ile ni wanawake. Hebu mwazie askari wa Musoma anayeitwa usiku kwenye nyumba yenye kelele, na kabla ya kuuliza nani ameumia anauliza kwanza kabila la mume.

Serikali kuu ilibaki na uwezo wa kushtaki. Kwenye karatasi tu. Waendesha mashtaka wake wanakaa mijini, mbali, na kofi au jicho lililovimba havikuwapa haraka. Ukaguzi wa serikali uliotolewa mwaka 2010 uligundua kwamba kati ya mwaka 2005 na 2009 walikataa nusu ya mashauri yaliyotoka maeneo ya makabila, na kwa makosa ya kingono walikataa theluthi mbili. Kabila lenyewe liliweza kutoa amri ya zuio ya kimadai, au kumfukuza mtu kwenye ardhi yake. Kumfunga, hapana.

Utafiti wa serikali uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake 4 kati ya 5 wa makabila ya Marekani, ikiwemo Alaska, wamewahi kufanyiwa ukatili maishani, na zaidi ya nusu wamepigwa au kuumizwa na wenzi wao. Miongoni mwa waliofanyiwa ukatili, asilimia 97 waliwahi kuumizwa, walau mara moja, na mtu asiye wa asili yao. Weka takwimu hiyo pembeni ya hukumu ya 1978, utaona pengo lilikaa pale pale palipouma zaidi.

Wanawake wenyewe hawakungoja Bunge. Mwaka 1977 huko Rosebud, South Dakota, Tillie Black Bear wa kabila la Walakota, ambaye naye alikuwa amepitia kipigo, alikuwa miongoni mwa walioanzisha White Buffalo Calf Woman Society, chama cha kuwasaidia wanawake wanaopigwa. Mwaka 1980 wakafungua nyumba salama, ya kwanza kwenye ardhi ya kabila. Mwaka 2017 ikaja StrongHearts, simu ya msaada inayopokelewa na watu wanaojua mila na sheria za makabila. Mimi naona hilo si jambo dogo: anayepiga simu akiwa amejificha bafuni hana muda wa kumweleza mpokeaji mamlaka ya kabila ni kitu gani.

Sheria ilianza kusogea Machi 2013, Rais Obama aliposaini mabadiliko yaliyoruhusu makabila kuwashtaki wasio wenyeji kwa kumpiga mwenzi au mpenzi, au kuvunja amri ya zuio. Mshtakiwa alitakiwa awe anaishi au anafanya kazi kwenye ardhi ya kabila, au awe na uhusiano na mtu wa hapo. Pascua Yaqui wa Arizona, Tulalip wa Washington na Umatilla wa Oregon walitangulia mwaka 2014. Wapo waliohofu kwamba mzungu hatapata haki mbele ya juri ya kabila, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Kesi ya kwanza iliyofika mbele ya juri, kwa Wapascua Yaqui, iliisha kwa mshtakiwa kuachiwa huru, kwa kuwa juri haikuridhika kwamba wahusika walikuwa wapenzi.

Katika miaka mitano ya mwanzo makabila 18 yalikamata mara 143 na kupata hukumu za hatia 74. Zaidi ya nusu ya matukio yalihusu pia watoto, na hapo ndipo sheria ilipopwaya: aliyempiga mama alishtakiwa, lakini kwa kumpiga mtoto chumba hicho hicho kabila halikuweza kumgusa. Wala kwa kumpiga ngumi askari wakati wa kukamatwa. Mabadiliko ya 2022 yaliongeza watoto, makosa ya kingono, kumfuatafuata mtu na kushambulia askari. Hata hivyo askari huyo analindwa tu akiwa kwenye kazi ya makosa hayo yaliyotajwa. Ugomvi kama ule wa Oliphant, kabila bado haliwezi kuuhukumu.

Kubwa linalobaki ni fedha. Kabila likitaka kutumia mamlaka haya lazima liwe na hakimu aliyesomea sheria, limlipie wakili mshtakiwa asiye na uwezo, na liite wajumbe wa juri hata kutoka kwa wasio wa kabila. Makabila ya Alaska, ambayo mwaka 2013 karibu yote yaliachwa nje, sasa yanaingizwa kwa majaribio, yasizidi matano kwa mwaka. Kwingineko, kabila dogo lisiloweza gharama hizo linaendelea kumpa mama amri ya zuio, na gari la kumpeleka yeye na wanawe kwenye nyumba salama iliyo karibu, kama ipo.